Inabeba Omu Ngapi?

Kwa Mhaya, neno omu halisimami peke yake. Omu nju ni ndani ya nyumba. Ukitamka omu kisha ukanyamaza, msikilizaji anabaki akingoja umwambie ni ndani ya nini. Kwa hiyo fundi redio wa Kanazi anapomweleza mteja kwamba sabufa yake ni ya omu mbili, bibi aliyekaa kando akisubiri tochi yake ana haki ya kuinua uso. Omu hii nyingine haikuzaliwa Buhaya. Ni jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, mwalimu aliyechapisha mwaka 1827 kitabu juu ya uhusiano wa umeme na waya unamopita. Jina lake lilipofika vinywani mwetu likaota irabu, kama lilivyoota la Watt.

Tumepokea jina la kipimo, lakini jina la kinachopimwa tumeliacha njiani. Kanazi hiyo hiyo, iliyokuwa ikisikia ngoma za ikulu ya Mukama Kahigi, sasa inapitiwa na magari ya barabara ya Bukoba na Muleba yanayotikisa vioo kwa besi, na mafundi waliofunga mziki huo wanazijua sabufa, koili, wati na fyuzi vilivyo. Waulize omu inapima nini, watakujibu: inapima spika. Ni kama kusema kilo inapima mchele.

Kitenzi kinachoandamana na omu ni kubeba. “Hii amplifaya inabeba omu mbili.” Kitenzi hicho hakikuja bure, maana spika kweli ni mzigo wa amplifaya. Lakini katika Kiswahili anayebeba magunia mawili hashindwi na moja, na mteja anapiga hesabu hiyo hiyo: ikiwa inabeba mbili, ya omu moja itaibeba kwa raha, ila ya omu nne itaivunja mgongo. Mambo yako kinyume. Omu zikipungua umeme unapata upenyo, mkondo unaongezeka, na hapo ndipo mzigo unapozidi uzito. Chukua amplifaya inayosukuma volti 20 kwenye nyaya za spika. Kwa omu 4 itatoa wati 100, kwa omu 2 itatoa 200, kwa omu 1 itatoa 400, kama bado iko hai. Hizo ni hesabu za karatasini; amplifaya halisi huishiwa nguvu mapema, kwa sababu kila wati inadaiwa kwenye betri ya volti 12. Iliyoundwa kwa omu 2 ukiifunga kwenye omu 1 inachemka, ikiwa na kinga inajizima, na isipokuwa nayo transista zinaungua. Ukiifunga kwenye omu 4 haidhuriki. Inapunguza sauti tu. Nathubutu kusema zipo transista zilizounguzwa na kitenzi. Fundi angesema “haishuki chini ya omu mbili”, mteja asingehitaji somo la fizikia.

Kinachopimwa chenyewe kina jina shuleni: ukinzani. Nalipenda neno hili. Kinza, kinzana, ukinzani: ile -an- ya kutendana imo ndani yake, kana kwamba waya na umeme wanabishana. Shida ni kwamba limekwisha kupewa upinzani wa waya uliotulia, na wa sabufa ni kitu kingine. Fundi akiweka mita kwenye sabufa iliyoandikwa omu 4, mara nyingi atasoma kama 3.2 hadi 3.6, na mteja aliyetoka kulipa ataanza kushuku kwamba kauziwa feki. Mita inapitisha mkondo mnyoofu wa betri yake ndogo, kwa hiyo inausoma waya wa koili na basi. Muziki ni mkondo geu. Kwenye besi nzito unakwenda na kurudi mara 40 kwa sekunde, koili inacheza ndani ya sumaku, na kwa kucheza huko inazalisha umeme wake unaoupinga ule unaoingia. Upinzani huo hupanda na kushuka kwa kufuata sauti inayopigwa. Karibu na masafa ambayo koni hutikisika kwa wepesi zaidi, sabufa ya omu 4 inaweza kufika 30 na kupita. Ile nne ya kwenye boksi ni kadirio la kumsaidia mnunuzi.

Waingereza nao walichelewa kuvitenga hivi viwili. Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa karani wa telegrafu, ndiye aliyekipa cha pili jina la impidansi mwaka 1886, akitumia neno lenye mzizi wa Kilatini wa kufunga miguu. Pingu, kwa maneno mengine. Ningetamani tuchote kwenye pinga, ila pingamizi limeshahamia mahakamani na halirudi.

Napendekeza ukinzani geu. Mkondo geu tunao tayari, na ukinzani unaoukabili unastahili kuvaa kivumishi chake. Najua atakayebisha atasema geu linamfanya mtu afikirie kitu cha kugeuza kwa mkono, mfano kitufe cha sauti cha redio. Ana hoja. Bado nalichagua mbele ya impidansi, neno ambalo fundi atalitamka mara moja kumheshimu mgeni kisha arudi kwenye omu zake.

Kwenye kuunga nyaya tuna utajiri zaidi, ingawa mafundi wengi husema parale na siriz. Sambamba na mfuatano yanakuchorea nyaya zenyewe. Sabufa nyingi za gari zina koili mbili. Zikiwa za omu 4, ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Kwa mfuatano unapata 8. Amplifaya ya mono isiyoshuka chini ya 2 inazifaa zile za sambamba. Ya chaneli mbili inayobrijiwa, yaani chaneli zote mbili zikisukuma mzigo mmoja, kwa kawaida haishuki chini ya 4, maana kila chaneli inaona nusu ya omu zilizofungwa. Mwenye nayo atafute koili za omu 2 aziunge kwa mfuatano.

Ndiyo maana “koili mbili, omu nne” ni maelezo ya hatari dukani: nne ni ya kila koili, au ya zote? Kiswahili kina dawa yake ya zamani, kukariri namba. Muuzaji akijibu “nne nne”, fundi anajua hapo hapo kwamba ana 2 au 8, na kwamba nne hana.