Wito wa Mahakama na Somo la Mwaka 1958

Nilipokuwa likizo nyumbani Iringo, shangazi yangu alinitolea karatasi aliyokuwa ameificha chini ya godoro kwa siku kumi na mbili. Ilikuwa hati ya wito, ile tuiitayo samansi, kutoka mahakama ya wilaya. Kuna mtu anamdai fedha. "Baba, wamekwisha kunifunga," aliniambia.

Woga huo una historia. Kwa wazee wetu wa Musoma, karatasi yenye mhuri ilitoka bomani, na Bwana Shauri alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Kuitwa kulikaribiana sana na kuhukumiwa.

Mwaka 1958 mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliitwa mahakamani Dar es Salaam. Katika jarida la Sauti ya TANU alikuwa amewashutumu mabwana shauri, mmoja wao akiwa wa Musoma yetu hii, na serikali ikamshitaki kwa kashfa. Hakujificha. Alitafuta mawakili: D. N. Pritt, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Kesi ikasikilizwa, na Agosti akatiwa hatiani: faini ya paundi 150, yaani shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Uchaguzi wa Septemba ulikuwa mlangoni, na TANU ilimhitaji nje.

Wengi wetu hukumbuka faini. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyoitangulia: mtuhumiwa aliyeichukulia mahakama ya mkoloni kuwa mahali pa kujibu hoja, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuidharau.

Nilimsomea shangazi hati yake polepole: jina la mahakama, namba ya shauri, mdai, mdaiwa, kisha hati ya madai iliyoambatanishwa. Haikusema popote kwamba ameshindwa. Ilimtaka awasilishe utetezi wake kwa maandishi, na kwa mashauri ya namna hiyo Sheria ya Mwenendo wa Madai hutoa siku 21 tangu kupokea wito. Asipojibu, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatolewa bila sauti yake. (Kukataa kusaini nako hakusaidii, hati yaweza kubandikwa mlangoni na ikahesabiwa kuwa imefika.) Katika jinai mambo ni mazito zaidi: anayepuuza wito hutolewa hati ya kukamatwa.

"Kumbe sehemu ya deni nimekwisha lipa," akasema, akainuka kutafuta stakabadhi.

Alizipata tatu ndani ya kopo la chai. Mimi ni mwanahistoria, si wakili. Kwa hiyo kesho yake tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria, huduma inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zilikuwa zimebaki siku nane.