Jinsi Kitabu cha Henoko Kilivyofika Uingereza

Mzee mmoja wa hapa Tukuyu alitujia jioni, Agano Jipya mkononi, kidole kingali katika aya ya 14 ya Waraka wa Yuda. Akasema, "Mwalimu, Yuda ataja unabii wa Henoko. Nimetafuta tangu Mwanzo hata Malaki, sikuuona. Kitabu hicho ki wapi?"

Swali hili wataalamu wa Ulaya nao waliliuliza kwa karne nyingi. Wakristo wengi wa kwanza walikisoma kitabu cha Henoko, kisha makanisa yakakiacha, wala hapakuwa na wa kukinakili. Vilibaki vipande vya Kiyunani tu. Katika karne ya 17 bwana mmoja Mfaransa, Peiresc, alinunua kitabu cha Kihabeshi akiamini ya kuwa ndicho. Mwaka wa 1683 Mjerumani Ludolf, aliyeijua lugha ile, alikichungua huko Paris. Kumbe ni kitabu kingine kabisa!

Hata hivyo Peiresc hakukosea nchi. Henoko alikuwako Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia. Kanisa la huko lilikitafsiri kitabu toka Kiyunani kwa Kigeez, lugha yake ya ibada, yapata miaka 1,500 iliyopita, likakihesabu katika Maandiko Matakatifu, nacho kimo hata leo. Sura zake ni 108. Zasimulia malaika walioasi, safari za Henoko mbinguni, mwenendo wa jua na mwezi, na hukumu ya mwisho. Msomaji wa Ufunuo wa Yohana hatajiona mgeni humo.

Tusiipite upesi kazi ya wanakili, kwa maana hawakuwa na mtambo wa kupiga chapa. Ngozi ya mbuzi ililowekwa, ikawambwa juu ya kiunzi cha mti, ikakwanguliwa manyoya na mafuta hata ikafaa kuandikiwa. Kalamu ilikuwa ya tete, wino mweusi wa masizi, na wino mwekundu kwa majina matakatifu. Kisha kurasa zilifungwa baina ya mbao mbili. Ngozi nayo huchakaa, moto huunguza, vita huteka. Nakala kongwe zilizopo leo ni za karne ya 15 hivi. Basi kwa muda wa miaka karibu elfu kabla yake palikuwa na mtu wa kuketi na kuandika upya, halafu mwingine, halafu mwingine, na majina yao hatuyajui.

James Bruce, Mskoti, alifika Gondar mwaka wa 1770. Aliporudi Ulaya mwaka wa 1773 alikuwa na nakala tatu za Henoko. Moja alimpa mfalme wa Ufaransa, moja aliipeleka maktaba ya Bodley huko Oxford, ya tatu akabaki nayo. Watu wa London walizicheka habari za safari zake, wengine wakamwita mwongo. Lakini vitabu vilikuwapo, na kitabu hakichekeki. Ajabu ni kwamba nakala ya Oxford ilikaa karibu miaka 50 kabla Richard Laurence hajaitafsiri kwa Kiingereza, mwaka wa 1821. Ndipo Waingereza walipomsoma Henoko katika lugha yao.

Baadaye, mwaka wa 1952, katika pango la Qumran karibu na Bahari ya Chumvi vilionekana vipande vya Henoko kwa Kiaramu, vya zamani kuliko kuzaliwa kwake Kristo. Vilipatana na sehemu nyingi za Kigeez, ingawa sura ya 37 hata ya 71 hazikuonekana humo. Kitabu kizima hupatikana kwa Kigeez tu.

Lakini si nakala zote zilizovuka bahari kama zile za Bruce. Mwezi wa Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliiteka ngome ya Maqdala, na mfalme Theodoro akajiua. Mali ya ngome na ya kanisa ilichukuliwa juu ya tembo 15 na nyumbu karibu 200. Vitabu vya mkono vipatavyo 350 vilifika London, na nakala za Henoko zimo. Hata leo vimo katika maktaba ya taifa la Uingereza, na Waethiopia wamekuwa wakidai vitu vyao vya Maqdala virudishwe.

Tulipomsimulia mzee wetu haya, hakusema neno juu ya Bruce wala juu ya Laurence. Aliuliza, "Na kanisa lile la Maqdala, siku ya pili walisomea nini?"