Imani Haikuzimika: Kanisa la Kisangani katika Nyakati za Taabu

Jubilei ni siku ya kumshukuru Mungu. Tena ni siku ya kukumbuka. Kanisa la Kisangani limepita katika moto zaidi ya mara moja, na inafaa watoto wetu wajue ni kitu gani kiliwasimamisha wazee wao.

Mbegu ilipandwa siku ya Noeli. Tarehe 25 Desemba 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya mto. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa eneo hili, na tarehe 10 Novemba 1959 Stanleyville ikawa jimbo kuu. Miaka mitano haikutimia, jaribu kubwa likafika.

Tarehe 5 Agosti 1964 waasi Simba waliuteka mji. Mapadri, mabruda na masista wengi wa nchi zetu hizi walifungwa, wengine wakauawa. Tarehe 26 Novemba Askofu Joseph Wittebols aliuawa kule Wamba. Siku tatu baadaye waasi waliwachukua masista wa Jamaa Takatifu kutoka Bafwabaka. Kati yao alikuwemo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyeweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, miaka mitano kamili kabla ya mji wetu kutekwa. Usiku wa kuamkia 1 Desemba, kule Isiro, alikataa kuivunja ahadi ile, na kanali wa waasi akamwua. Akiwa karibu kufa alimsamehe mwuaji wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Anuarite hakuwa na silaha, wala njia ya kukimbia. Alijua tu anaishi kwa ajili ya nani. Mtu anayelijua jambo hilo anaweza kunyang'anywa vyote, asipotee.

Jaribu la pili halikuja na bunduki. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristu. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwisho wa mwaka ule mashule ya misioni yakachukuliwa. Kanisa liliyapata tena kwa mapatano ya mwaka 1977. Lakini ubatizo hauandikwi katika karatasi ya serikali tu, na Noeli iliyozaa misioni yetu haikungoja ruhusa ya mtu.

Jaribu la tatu lilikuja katika mwaka wa Jubilei Kuu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, katika vita ambavyo hakuna mwenyeji wa mji huu aliyevitaka. Makombora yalianguka kwa maelfu. Mamia ya raia waliuawa, na makadirio mengine yanafika watu 760. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa, na Kanisa Kuu la Notre-Dame likaharibiwa. Kesho yake, tarehe 11 Juni, ilikuwa Pentekoste: sikukuu ya wale waliojifungia ndani kwa woga, kisha wakafungua mlango.

Ndugu, historia hii inatuuliza sisi neno. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwaka kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Safari hii aliyeshika moto hakuwa mgeni. Wengi wa pande zote mbili wamebatizwa kwa maji yale yale. Je, tutamwimbia Anuarite nyimbo na huku tukiweka kisasi moyoni? Kumheshimu ni kumpokea aliyekimbia, awe wa kabila gani. Ni kukataa kubeba uvumi wa chuki. Ni kusema neno la msamaha kwanza, bila kungoja mwingine aanze.

Wazee wetu hawakuchagua nyakati zao. Walichagua namna ya kuishi ndani yake. Mungu atujalie nasi kuchagua vema, ili wale watakaoshangilia jubilei inayokuja wapate taa ikiwaka.