Meza ya Akina Brøndum: Historia Fupi ya Chumba cha Kulia cha Skagen

Karibu kila anayeandika kuhusu wachoraji wa Skagen huanza na mwanga. Mji huo uko kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Denmark bara, pale bahari mbili zinapogongana, na husemwa kwamba maji ya pande zote mbili na mchanga mweupe huurudisha mwanga angani, jioni ya kiangazi ikachelewa kuzama na kila kitu kikavaa rangi ya samawati. Ni kweli, wala sina haja ya kubisha. Lakini mwanga haushibishi. Mchoraji aliyefika huko katika miaka ya 1870 alikuta makazi ya wavuvi yaliyozingirwa na vilima vya mchanga, bila reli na bila bandari. Mashua zilivutwa kwa mikono hadi ufukweni. Alihitaji kitanda, chakula cha moto na mtu wa kumvumilia mpaka picha ipate mnunuzi. Yote hayo aliyapata chini ya paa moja, kwa akina Brøndum, na ndiyo maana nasema kwamba chumba cha kulia cha nyumba ile kinastahili kukumbukwa kama taasisi kamili. Kililea wasanii, kikawakopesha, kikatunza kazi zao, na mwishoni kikazaa jumba la makumbusho. Anayesimulia Skagen bila kuitaja meza hiyo ameacha nusu ya habari.

Erik Brøndum na mkewe Ane Hedvig walikuwa na duka, na pamoja na duka wakapokea wageni, nyumba ikawa hoteli. Sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu kwetu neno hoteli humaanisha kwanza mahali pa kula, na kitanda huja baadaye. Mwezi Agosti 1859 alifika hapo Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi aliyekuwa tayari na jina kubwa Ulaya. Husimuliwa kwamba chakula chake kilichelewa, akakasirika, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa mjamzito, akahangaika hadi akashikwa na uchungu. Kama ndivyo ilivyokuwa au la, tarehe hazina ubishi: binti yao Anna alizaliwa tarehe 18 Agosti 1859, na Andersen, licha ya hasira zake, aliandika habari za safari ile akiwahimiza wachoraji waende wakajionee. Wakaenda kweli. Holger Drachmann, mshairi na mchoraji wa bahari, alianza kufika mapema miaka ya 1870, Michael Ancher alikuja 1874, Christian Krohg akatoka Norway 1879, na P.S. Krøyer, aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote, akaingia 1882. Karibu wote walipitia mlango uleule.

Kilichotokea mezani si cha kubuni, kwa maana kimeandikwa ukutani. Kuanzia miaka ya 1880 wachoraji walichorana sura wao kwa wao, na picha hizo zikapangwa moja kando ya nyingine juu ya mbao zilizofunika kuta za chumba cha kulia, hata mlaji akawa amezungukwa na nyuso za watu ambao huenda wameketi naye wakati huohuo. Jioni walikusanyika, wakakosoana kazi na kunywa pamoja. Mkutano huo waliuita Akademia ya Jioni. Mtoto wa kiume wa nyumba, Degn Brøndum, aliyeirithi biashara, alikubali picha pale fedha zilipokosekana, na nyingine alipewa zawadi. Hapo ndipo ninapoona alama ya taasisi. Mwenye hoteli wa kawaida angeuza picha kufidia wali na samaki, au angemfukuza mdaiwa, lakini Degn alizitundika. Na wachoraji walijua yeye ni nani kwao. Katika turubai kubwa ya Krøyer iitwayo Hip hip hurra!, iliyokamilika 1888, watu wamesimama kuzunguka meza bustanini, jua linapenya kwenye majani na kuangukia kitambaa cheupe na chupa, glasi zimeinuliwa. Miongoni mwao yumo Degn Brøndum. Hakuchorwa akiwa na sinia mkononi wala taulo begani. Amechorwa mgeni kati ya wageni.

Msomaji makini atanikatiza hapa: picha hiyo ilitokana na karamu ya 1884 katika bustani ya Michael na Anna Ancher, haikutokana na hoteli. Ni sahihi, ila naona hilo linaipa hoja nguvu. Anna aliyeolewa na Michael mwaka 1880 ni yuleyule Anna Brøndum. Ule utamaduni wa kukaa, kula na kusikilizana ulihama pamoja na binti wa nyumba hadi kwenye bustani yake mwenyewe, na kaka yake akaufuata. Tena, kwa Anna chumba kile kilikuwa na uzito kuliko kwa mwanamume yeyote aliyekipitia. Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen hakikuwapokea wanawake. Shule yao chini ya chuo hicho ilifunguliwa 1888 tu, wakati Anna alikuwa amekwisha kuwa mchoraji aliyekomaa. Alisoma kwa muda katika shule ya binafsi ya Vilhelm Kyhn huko Copenhagen, lakini elimu ya kuona jinsi mabingwa wanavyochanganya rangi na wanavyobishana ilimfuata nyumbani kwao, ikaketi mezani na kuomba chai. Yeye ndiye mzaliwa pekee wa Skagen katika kundi lile, na kama wazazi wake wangekuwa na duka tu bila wageni, sidhani kama tungelijua jina lake.

Ni Anna pia aliyetuonyesha upande ambao nyuso za ukutani hazikuuonyesha. Kati ya 1883 na 1886 alichora picha ya msichana wa jikoni. Msichana ametupa mgongo, sketi yake nyekundu, ameinamia kazi mbele ya dirisha, na mwanga wa manjano umejaa chumba chote kana kwamba umemiminwa. Hatumwoni uso. Sifa nyingi zinazopewa karamu za Skagen husahau kwamba kila glasi iliyoinuliwa ilikuwa na mtu wa kuiosha, na binti wa mwenye hoteli hakusahau, kwa kuwa alikulia kati ya jiko na meza.

Pingamizi zito zaidi ni la wavuvi. Wao ndio waliochorwa, na Michael Ancher alijenga jina lake kwa picha zao wakikodolea macho dhoruba, lakini chumba cha kulia hakikuwa chao. Krøyer alichora mwaka 1882 ndani ya duka la Brøndum siku isiyo na uvuvi: wanaume wa baharini wamekaa na kusimama, mikono haina kazi. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na milango miwili, wa wavuvi dukani na wa wasanii mezani, na ukuta katikati. Siwezi kuufuta ukuta huo, na anayeisifu taasisi hii kana kwamba iliwaketisha wote pamoja anasema yasiyokuwapo. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Kwa sababu duka na meza vilikuwa vya familia moja, wachoraji walikaa karibu na wavuvi mwaka hadi mwaka, wakawajua kwa majina, na nyuso zinazotutazama katika turubai za Ancher ni nyuso za watu halisi waliofahamika mjini. Mtalii wa wiki moja asingezipata. Na kuhusu mwanga wa jua tulioanza nao, uliangukia pwani yote ya Jutland ya kaskazini, kilomita baada ya kilomita. Palikusanyika watu pale palipokuwa na mahali pa kula.

Mambo yalibadilika upesi baada ya miaka ya 1880. Reli kutoka Frederikshavn ilifika 1890, watalii wakaongezeka, na bandari ikafunguliwa 1907. Kundi la kwanza lilikuwa likizeeka; Drachmann alifariki Januari 1908 akazikwa kwenye vilima vya mchanga karibu na ncha ya nchi. Oktoba mwaka huohuo, tarehe 20, watu walikutana katika chumba cha kulia cha Brøndum wakaanzisha jumba la makumbusho la Skagen. Waanzilishi walikuwa Michael Ancher, Krøyer, mchoraji Laurits Tuxen, mwuza dawa Victor Christian Klæbel, na Degn Brøndum. Wachoraji watatu, mfamasia mmoja na mwenye hoteli! Jina la Degn halikuwekwa pale kwa hisani, kwani picha alizokuwa amezitunza miaka yote ndizo zilizolipa jumba hilo sababu ya kuwapo, na ni yeye pia aliyetoa bustani ya hoteli iwe kiwanja. Jengo, lililosanifiwa na Ulrik Plesner, lilifunguliwa 1928, miaka 20 baada ya kikao kile.

Mwaka 1946 chumba cha kulia chenyewe kilihamishwa, mbao na picha zake zote, kikajengwa upya ndani ya makumbusho. Wapo wanaoona kwamba siku ile kilikufa, kwa kuwa chumba cha kulia kisichonukia chakula ni kasha tu. Nauelewa uchungu huo, ila sikubaliani nao. Degn alikuwa ameshafariki 1932, Anna 1935. Waliokijua chumba kama sehemu ya maisha yao walikuwa wakipungua kila msimu wa baridi, na picha zilizotundikwa juu ya meza za wageni zingeendelea kupokea moshi na mvuke hadi zichakae. Hoteli nayo haikufungwa. Ipo hadi leo jirani na makumbusho, inapika na kupokea wageni, na kati ya mlango wake na zile nyuso zilizochorwa kwa ajili ya kuta zake ni mwendo wa hatua chache tu, kupitia ardhi iliyokuwa bustani yake.