Biblia Moja, Majeshi Mawili: Dini Katika Vita vya Utumwa Marekani

Tarehe 4 Machi 1865, Rais Abraham Lincoln aliapishwa kwa mara ya pili mjini Washington. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinakaribia miaka minne, na jeshi lake lilikuwa karibu kushinda. Wengi walitegemea kumsikia akijisifu. Badala yake aliwakumbusha kwamba pande zote mbili zilikuwa zinasoma Biblia ileile na kumwomba Mungu yuleyule, kila upande ukiomba msaada ili uuangushe mwingine.

Vita hivyo vilianza mwezi wa Aprili 1861, baada ya majimbo ya Kusini kujitenga. Vilimaliza watu wasiopungua 620,000. Mzizi wake ulikuwa utumwa. Mwaka wa 1860, watu weusi karibu milioni 4 walikuwa watumwa, wengi wao wakilima pamba na tumbaku katika mashamba ya Kusini. Sheria iliwahesabu kuwa mali. Bwana akipata deni, aliweza kumpeleka baba mnadani leo na mtoto kesho.

Makanisa yalitangulia kugawanyika

Wengi wanafikiri nchi iligawanyika kwanza, makanisa yakafuata. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kinyume. Mwaka wa 1844 Wamethodisti walikutana mjini New York. Walio wengi walimtaka Askofu James Andrew wa Georgia asimame kazi ya uaskofu mpaka aachane na watumwa aliokuwa nao. Wajumbe wa Kusini walikataa, na mwaka uliofuata wakaunda kanisa lao. Mwaka huohuo wa 1845, Wabatisti wa Kusini walikutana mjini Augusta, Georgia, wakajitenga nao pia, kwa sababu wenzao wa Kaskazini hawakukubali kutuma wamisionari wenye watumwa. Wapresbiteri wa Kusini walifuata mwaka wa 1861, vita vikiwa vimekwisha anza.

Hasara ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Kanisa lilikuwa moja ya mahali pachache ambapo mtu wa Kaskazini na mtu wa Kusini walikutana kama ndugu. John Calhoun, seneta wa South Carolina na mtetezi mkubwa wa utumwa, aliwaonya wenzake mwaka wa 1850 kwamba kamba zinazofunga nchi pamoja zinakatika moja baada ya nyingine, akataja zile za makanisa.

Kila upande na mstari wake

Wahubiri wa Kusini walisema Abrahamu alikuwa na watumwa, tena Paulo aliwaambia watumwa watii mabwana zao na akamrudisha Onesimo kwa Filemoni. Walitumia pia laana ya Kanaani katika Mwanzo 9 na kudai inawahusu watu weusi, ingawa sura hiyo haitaji rangi ya ngozi hata mara moja.

Wapinzani wa utumwa walijibu kwa Biblia ileile: kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Mungu ndiye aliyewatoa Waisraeli mikononi mwa Farao. Wakweka wa Philadelphia walikuwa wameamua tangu 1776 kwamba mwenye watumwa hana nafasi kati yao. Lakini Kaskazini nako hakukuwa safi. Wachungaji wengi walinyamaza, wakiogopa kugawanya waumini wao.

Vita vilipoanza, mimbari ilisimama karibu na mzinga. Lincoln upande wa Kaskazini na Jefferson Davis upande wa Kusini, wote wawili walitangaza siku za kufunga na kuomba. Askofu Leonidas Polk wa Louisiana alivaa nguo za ujenerali katika jeshi la Kusini, akauawa na mzinga mwaka wa 1864. Kila upande ukishinda ulisema Mungu yuko nasi, ukishindwa ulisema Mungu anatujaribu. Kwa mawazo ya namna hiyo, kupatana na adui kulionekana kama kumsaliti Mungu.

Watumwa walisikia neno lingine

Siku ya Yesu wahubiri wa mabwana waliwaambia watumwa: tiini. Usiku, wengi wao walijificha msituni wakaomba wenyewe, na hadithi waliyoipenda ilikuwa ya Musa na bahari iliyofunguka. Harriet Tubman, aliyetoroka kisha akarudi mara nyingi kuwatoa wengine, walimwita Musa.

Mabwana waliiogopa imani hiyo. Mwaka wa 1831 Nat Turner, mtumwa na mhubiri wa Virginia, aliongoza maasi ambamo wazungu zaidi ya 50 waliuawa. Baada yake, watu weusi wengi waliuawa kwa kulipiza kisasi. Virginia na majimbo mengine yalikaza sheria za kukataza watu weusi kufundishwa kusoma na kukutana kwa ibada bila mzungu kuwasimamia.

Shule chini ya mti

Mwezi wa Mei 1861, wanaume watatu walitoroka kwa mtumbwi usiku mpaka ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyoshikwa na jeshi la Kaskazini. Mjumbe wa bwana wao alikuja kuwadai. Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwatoa. Habari ikaenea, na familia zikaanza kufika, akina mama na watoto mgongoni, mpaka wakawa maelfu. Agosti jeshi la Kusini lilichoma mji jirani wa Hampton. Wakimbizi walijenga vibanda vyao katikati ya majivu na kuta zilizobaki.

Hapo Mary Peake, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, aliwafundisha kusoma chini ya mti wa mwaloni, kisha ndani ya nyumba: watoto mchana, wakubwa usiku. Chama cha wamisionari kilimsaidia. Alikufa kwa kifua kikuu Februari 1862, lakini shule haikufa. Mwaka wa 1868 chuo cha Hampton kilifunguliwa mahali hapo, na ule mti ungali umesimama.

Kutoka Hampton mpaka Kasai

Mmoja wa wanafunzi wa Hampton alikuwa William Sheppard, mtu mweusi aliyezaliwa Virginia Machi 1865, vita vikielekea mwisho. Mwaka wa 1890 Wapresbiteri wa Kusini, kanisa lilelile lililojitenga mwaka wa 1861, walimtuma Kongo pamoja na mzungu Samuel Lapsley. Mwaka wa 1891 wakaanzisha misheni ya Luebo, Kasai. Mwaka wa 1899 Sheppard aliingia katika kambi ya watu waliotumwa na serikali ya Mfalme Leopold kukusanya kodi. Alihesabu mikono 81 ya kuume iliyokatwa, akaandika ripoti. Baadaye aliandika tena juu ya mateso ya kampuni ya mpira ya Kasai. Kampuni hiyo ikamshitaki, na mwaka wa 1909 mahakama ya Léopoldville ikamwachilia.

Kanisa lililowahi kuhubiri kwamba mtu mweusi ni mali ndilo lililomleta mtu mweusi aliyetetea mikono ya Wakongomani.

Vita vilichukua miaka minne. Makanisa yalichelewa zaidi. Wamethodisti waliungana tena mwaka wa 1939, na Wapresbiteri mwaka wa 1983. Wabatisti wa Kusini waliomba msamaha kwa ajili ya utumwa mwaka wa 1995, miaka 150 baada ya mkutano wa Augusta. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa mahali popote, kijijini au kambini, mhubiri anaposimama na kuwaambia watu kwamba jirani yao ni adui wa Mungu.