Sauti Iliyokuja Mwisho: Filamu za Vugiri na Istilahi Zake

Wanaotafuta istilahi za filamu huanza aghalabu na kamera. Sisi twaona yafaa kuanza na mahali, yaani Vugiri, katika milima ya Usambara. Hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na makao ya mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York na kuongozwa na Meja L. A. Notcutt.

Filamu mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mtu aficha fedha zake nyumbani, zaibwa, mwenziwe azipeleka posta, zasalimika. Kisa kilipangwa kwanza katika mswada, kisha wachezaji wakapigwa picha kwa ukanda wa milimita 16. Majina ya hatua hizo hayana ubishi. Ubishi huanzia kwenye uhariri. Neno hili limetoka katika kazi ya maandishi, na wapo wanaopendelea “ukataji”, kwa kuwa zamani vipande vya ukanda vilikatwa na kuunganishwa kwa gundi. Hatukubaliani nao, maana mkasi umekwisha ondoka, lakini kazi ya kuchagua imebaki.

Jambo kubwa la Vugiri, hata hivyo, ni sauti. Picha zilipigwa bubu, na maneno yakatiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kwa njia hiyo picha ile ile iliweza kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Ilikuwa busara ya matumizi, lakini iliifanya lugha kuwa hatua ya mwisho. Mfasiri alipewa muda uliokwisha pimwa na picha, naye akalazimika kuyapunguza au kuyarefusha maneno yauenee.

Ukanda na santuri vimetoweka. Desturi hiyo ingalipo. Wafasiri wangali wakiitwa uhariri umekwisha, wakaambiwa “waingize sauti”, bila kuelezwa kama wanatakiwa kusimulia nje ya picha au kusema kwa kinywa cha mchezaji. Hizo ni kazi mbili zenye vipimo tofauti. Ya kwanza tungeiita usimulizi, na “kuingiza sauti” kubakie kwa ya pili. Na ingefaa chaguo hilo liandikwe katika mswada, kabla picha haijapigwa.