Relativite: kwa nini saa inayokwenda mbio sana inabaki nyuma

Ikiwa saa sita ya mchana mu Goma, Bukavu ao Bunia, Kinshasa ni saa tano. Ukivuka mupaka wa Kasindi kuingia Uganda, unakuta tayari ni saa saba. Tofauti hizo zilipangwa na watu: serikali ikiamua leo kuzibadilisha, zinabadilika. Wakati wenyewe unapita namna moja pande zote tatu.

Lakini kuna tofauti ingine ya wakati ambayo hakuna serikali iliyoipanga. Inatokana na mwendo na nguvu ya uvutano wa dunia. Albert Einstein aliieleza kwanza mwaka wa 1905, wakati alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya hati za uvumbuzi mu mji wa Bern, Uswisi. Maelezo yake yanaitwa relativite. Leo kila telefone yenye GPS inayategemea.

Mwangaza hauongezewi mwendo

Mtu akitembea ndani ya boti ya Goma–Bukavu kuelekea mbele, anayesimama pwani anamuona akienda kwa mwendo wa boti pamoja na mwendo wa miguu yake. Mwangaza haufanyi vile. Washa torshi ndani ya boti ao pwani, mwangaza unakwenda karibu kilometa 300.000 kwa sekunde kwa kila anayeupima. Wamarekani Albert Michelson na Edward Morley walitafuta tofauti mu mwaka wa 1887 kwa vyombo vya usahihi mkubwa, hawakuipata.

Einstein alikubali jambo hilo jinsi lilivyo, kisha akajiuliza: kama mwendo wa mwangaza haubadiliki, basi ni nini kinachobadilika? Jibu lake: ni wakati na umbali.

Hesabu ya fundi mwashi

Kila fundi wa kujenga anajua 3-4-5. Anapima 3 upande mmoja, 4 upande mwingine, na kama kamba ya kukata kona ina 5, pembe iko sawa. Hesabu hiyo inatosha kuelewa wakati.

Tuseme kuna chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya mwendo wa mwangaza. Chombo cha vile hakiko bado, ni mfano tu. Ndani yake mwangaza unatoka chini na kupanda mpaka kwenye dari. Kwa aliye ndani, umepanda wima, vipimo 3. Kwa aliye inje, wakati mwangaza unapanda, dari imesogea mbele vipimo 4. Kwa hiyo yeye anaona mwangaza ukipita kwa mshazari, vipimo 5.

Mwendo wa mwangaza ni uleule kwa wote wawili. Kwa hiyo njia ya 5 inachukua wakati mrefu kuliko njia ya 3. Pale saa ya inje inahesabu dakika 5, saa ya ndani ya chombo inahesabu 3 tu. Saa haijaharibika. Mapigo ya moyo, kukua kwa nywele, kuzeeka kwa mwili, vyote vinakwenda kwa kipimo hicho, na msafiri mwenyewe hasikii kitu chochote kisicho cha kawaida.

Kadiri mwendo unavyokaribia ule wa mwangaza, tofauti inazidi. Kwa asilimia 99, mwaka mmoja wa msafiri ni miaka 7 hivi ya waliobaki. Kwa mwendo wa pikipiki, gari ao ndege, tofauti iko, ila ni ndogo mno.

Mapasa wawili

Mfano unaojulikana sana ni wa mapasa. Wote wako na miaka 20. Mmoja anasafiri mbali angani kwa asilimia 80 ya mwendo wa mwangaza, kisha anarudi. Aliyebaki amehesabu miaka 30, sasa ana miaka 50. Aliyesafiri amehesabu 18, ana miaka 38.

Watu wanauliza: si msafiri pia anaweza kusema kwamba dunia ndiyo iliyokwenda? Wakati anakwenda moja kwa moja, kweli anaweza. Lakini mmoja tu ndiye aliyegeuza njia ili arudi, na hapo hali zao haziko sawa tena. Tena, hakuna aliyerudi mu wakati uliopita: wote wawili wamekwenda mbele, ila kwa hesabu tofauti.

Kumepimwa namna gani?

Mu mwezi wa kumi 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha dunia wakiwa na saa za atomu ndani ya ndege za abiria. Waliporudi, saa hizo hazikulingana na zile zilizobaki Washington. Tofauti ilikuwa ya sehemu ndogo mno za sekunde, na ilikaribia sana hesabu ya Einstein.

Ushahidi mwingine unapita ndani ya miili yetu. Chembe zinazoitwa muoni zinazaliwa juu sana katika hewa, karibu kilometa 15. Zinaishi kwa wastani sehemu 2,2 za milioni ya sekunde. Kwa muda huo zingepita kama mita 660 tu, kisha kupotea. Lakini nyingi zinafika chini, karibu moja kila sekunde kwenye kiganja cha mkono. Juu ya mwendo wao, wakati wao unapita polepole kwa vile sisi tunaupima.

GPS na mlima Nyiragongo

Mwaka wa 1915 Einstein aliongeza jambo la pili: karibu na kitu kizito, wakati unapita polepole zaidi. Saa iliyo juu ya Nyiragongo inaitangulia ile ya pwani ya ziwa Kivu kwa karibu sehemu 7 za milioni ya sekunde kila mwaka.

Satelite za GPS ziko juu kilometa 20.200 hivi. Juu ya mwendo wao, saa zao zinabaki nyuma sehemu 7 za milioni ya sekunde kwa siku. Juu ya uvutano kuwa mdogo kule, zinatangulia 45. Zikitolewa, zinabaki 38 za kutangulia. Mu muda huo mdogo, mwangaza unapita zaidi ya kilometa 11. Ndiyo maana mafundi wanazirekebisha saa hizo: bila vile, vipimo vya umbali vingepotea zaidi kila siku.

Kwa wakaaji wa Goma na Nyiragongo jambo hili si la masomo tu. Wachunguzi wa volkeno wanatumia vituo vya GPS kuangalia kama udongo unavimba ao unapasuka, na mara nyingine wanatafuta msogeo wa sentimeta chache. Mlima uliolipuka 2002 na 2021 unachungwa pia kwa saa hizo zilizo mbali angani, na saa hizo zinasomwa sawasawa kwa sababu ya hesabu ya 1905 na 1915.